NGOZI YA NGOMA IKIPASUKA, NANI ALIPE?



Mara nyingi katika karatasi hii tumesema habari za mishahara, saa za kazi na nyumba. Leo twataka kusema habari ya ngozi ya ngoma. Najua wako watakaocheka, wakisema ngoma ni starehe, si kazi. Sisi twawajibu hivi: ni starehe kwa yule anayecheza. Kwa yule anayeipiga tangu saa mbili ya usiku mpaka saa tisa, ni kazi, na jasho lake ni sawa na jasho la mpakizi wa mahindi.

Sababu ya kuandika ni hii. Jumamosi moja tulipiga muziki Kitale, mahali ambapo hatutapataja. Katika wimbo wa nne, ngozi ya ngoma ndogo, ile yenye nyuzi za chuma chini yake, ilipasuka katikati. Hatukuwa na ngozi ya akiba. Ufunguo wa kukazia skurubu ulikuwa umesahauliwa Bungoma. Tulihangaika karibu nusu saa, watu wakaanza kutoka. Mwisho wa kazi tajiri alikata robo ya malipo yetu sote, na bei ya ngozi mpya akamtwika mpiga ngoma peke yake. Ndugu yule alirudi kwake Bungoma na nauli tu mfukoni.

Twasema wazi kwamba hiyo haikuwa haki. Lakini chama kisichojikosoa hakijengi, basi kwanza tuyatazame makosa yetu wenyewe.

Wahenga walisema, ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Kupasuka kwa ngozi si ajabu. Ajabu ni kwenda kazini bila kujitayarisha. Ngozi hizi za kisasa ni za plastiki. Mafundi wa Marekani, kama Chick Evans na Remo Belli, walianza kuziuza miaka ya 1956 na 1957, na uzuri wake ni kwamba hazilegei kwa unyevu kama ngozi ya ndama. Mtu aliyejizoeza anaweza kuibadilisha upesi, wenziwe wakiendelea na wimbo. Njia ni hii. Legeza skurubu zote, ondoa pete, futa ukingo wa ngoma usibaki na vumbi wala vipande. Weka ngozi mpya, rudisha pete, kaza kila skurubu kwa vidole mpaka ishike. Ndipo utwae ufunguo ukaze nusu mzunguko, skurubu moja na ile inayoielekea upande wa pili, usizifuate kwa duara, maana ngozi itavutwa upande mmoja. Bonyeza katikati kwa kiganja ikae vizuri. Halafu gonga polepole karibu na kila skurubu. Penye sauti ya chini, kaza kidogo, mpaka pande zote ziseme neno moja. Wakiwa watu wawili wenye funguo mbili, mmoja huku na mmoja kule, kazi ni ya nusu ya muda.

Na aliye na ngoma ndogo ya pili ana heri zaidi: hubadilisha ngoma nzima, na ile iliyopasuka hutengenezwa wakati wa mapumziko.

Ngoma zetu za asili zina taabu nyingine. Isukuti za ndugu zetu Waisukha na Waidakho, ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo. Ngozi ya namna hii haibadilishwi jukwaani. Huwambwa ikiwa mbichi, kisha huachwa ikauke. Ndiyo maana ya kusema, ngozi ivute i maji. Na huku kwetu Bungoma, kazi nyingi huja Agosti ya miaka isiyo witiri, wakati wa tohara, na mvua ingali ikinyesha. Ngoma ikinyeshewa hulegea, sauti ikafa. Dawa yake ni jua au moto, lakini kwa kiasi, maana ikisogezwa mno jikoni ngozi hupasuka. Kitale, mahali pa juu penye baridi, ni lazima awepo mtu wa kuangalia moto tangu kazi inapoanza. Mtu huyo naye anafanya kazi, na malipo yake yahesabiwe.

Basi sasa tumrudie tajiri. Lori la mahindi likipasuka gurudumu njia ya Webuye, je, dereva ndiye anunue gurudumu? Mkanda wa mashine ukikatika katika kiwanda cha sukari, je, mwendesha mashine akatwe mshahara? Kila mtu atasema la. Chombo huchakaa kwa kazi, na mwenye kupata faida ya chombo ndiye atengeneze. Kwa nini basi sheria igeuke inapofika kwa mpiga ngoma? Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki na masharti ya kazi yanayofaa. Hakikusema ila mpiga ngoma.

Wako watakaosema, je, akiipasua kwa ulevi? Twajibu: aliyeharibu kwa ulevi na alipe, wala chama hakitamtetea. Lakini asiadhibiwe mtu kwa kupiga ngoma kama alivyoagizwa.

Kwa hiyo twataka mambo matatu, nayo yaandikwe na kutiwa sahihi kabla ya kazi, wala si kusemwa kwa mdomo mlangoni. Kwanza, mwenye vyombo alete ngozi ya akiba na ufunguo. Na kama vyombo ni vya mpiga muziki mwenyewe, alipwe kodi ya vyombo mbali na malipo ya jasho. Pili, muda wa kubadilisha ngozi au kuota ngoma moto uhesabiwe kuwa muda wa kazi. Tatu, hasara ya chombo isitwikwe mtu mmoja.

Na sisi kwa upande wetu, tujizoeze kubadilisha ngozi mpaka mkono ujue njia gizani, wala asiende mtu kazini bila ufunguo. Tukidai haki tukiwa tayari, tajiri hatakuwa na neno la kutujibu.

Skurubu moja ikikazwa peke yake, ngozi hupinda. Zikikazwa zote sawasawa, ngoma husikika mbali. Nasi ni hivyo hivyo.