SHERIA NI MSUMENO, HATA ANGANI

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ndugu msomaji, leo nataka tuupeleke msemo huu mawinguni, tuone kama huko nako msumeno unakata pande zote.

Mwaka 2010 mamlaka ya safari za anga ya Marekani, FAA, ilitoa kanuni: ifikapo tarehe 1 Januari 2020, ndege ikitaka kupita katika anga yenye shughuli nyingi, kama vile karibu na viwanja vikubwa, sharti iwe na chombo kiitwacho ADS-B. Chombo hiki hujua mahali ndege ilipo kwa msaada wa setilaiti, kisha hutangaza kwa redio, karibu kila sekunde, mahali hapo pamoja na kimo na mwendo wa ndege. Rada ya kawaida hungoja kwanza antena yake izunguke.

Wenye ndege ndogo walinung'unika, na mimi siwalaumu. Usidhani kila mwenye ndege ni tajiri! Wengi wana ndege kuukuu za viti viwili au vinne, zilizoundwa miaka ya 1960 na 1970. Kuambiwa ati utoe maelfu ya dola ununue chombo na kumlipa fundi, jamani, si mchezo. Isitoshe, wengine waliogopa kwamba mtu yeyote ataweza kufuatilia safari zao. Serikali ilitoa msaada wa dola 500 kwa baadhi yao kuanzia mwaka 2016, lakini tarehe haikusogezwa. Basi wakajikaza, wakafunga.

Sasa sikiliza. Usiku wa tarehe 29 Januari 2025, mjini Washington, ndege ya abiria iliyokuwa ikienda kutua iligongana na helikopta ya jeshi. Watu wote 67 walifariki. Wachunguzi walieleza kwamba helikopta hiyo haikuwa ikitangaza kwa ADS-B. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, maana rada ilikuwa ikiiona. Lakini nauliza: mbona sheria iliyomkaba mwenye ndege kuukuu iliwaachia wakubwa nafasi ya kunyamaza?

Wapo watakaosema jeshi lina siri zake. Ni kweli, vita vina siri. Lakini safari ile ilikuwa ya kumpima rubani, kandokando ya uwanja uliojaa ndege. Siri gani hapo?

Wala usiseme hayo ni mambo ya mbali. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya mafunzo na ndege ya abiria, zote zilizotoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, ziligongana angani. Watu wawili waliokuwa katika ile ndogo walipoteza maisha. Anga yetu nayo imesongamana.

Kwa maoni yangu, serikali yoyote inayodai chombo kama hiki ianze na ndege zake yenyewe: za jeshi, za polisi na za wakubwa. Kisha imsaidie mwenye ndege ndogo kwa gharama. Hapo hatakuwa na la kusema. Hata hapa shuleni, kiranja anayeandika majina ya wachelewaji hutiiwa akiwa yeye mwenyewe amefika kabla ya kengele.