Mtoto wa Solo Hajui Kama Ni Yeye

Wasee, mkesha wa Krismasi saa kumi na mbili jioni zima ngoma kidogo ufungue redio ya BBC. Utapata kwaya ya King's College, Cambridge. Ibada hiyo ilianza 1918. Wimbo wa kwanza huanzishwa na mvulana mmoja, bila kinanda. Sasa sikia: kadhaa wamefanya mazoezi, lakini kiongozi humnyooshea mmoja kidole dakika ya mwisho kabisa.

Kuna watakaosema huo ni ukatili. Mimi nakataa. Ukijua wiki mbili mapema, si hofu itakumaliza? Mimi niliacha chuo kwa kuogopa mtihani wa mwezi ujao.

Kinachoniudhi ni kingine: kwaya ya wavulana na wanaume tu. Hiyo siwezi tetea, hata waimbe aje.