Kahawa ya Ugenini Inywewe na Jamaa Nzima

Safari ya nje siku hizi si jambo la mawaziri na matajiri peke yao. Hata hapa kwetu Mlali, Mlali ya Mvomero iliyo miguuni pa milima ya Uluguru, utamkuta mwalimu wa Chuo Kikuu cha Mzumbe anayekwenda kusoma ng'ambo na mkewe na watoto. Utamkuta mama mwenye binti aliyeolewa Nairobi, au mzee mwenye jamaa Muscat waliomtumia tiketi. Na nje yenyewe haianzii Ulaya. Huanzia Namanga, Mutukula na Tunduma. Kwa hao wote nina neno moja la kuwausia: mkifika ugenini, ketini mnywe kahawa ya wenyeji, muinywe kwa taratibu yao, na muwepo wote, baba, mama na watoto.

Nasema "wote" makusudi, kwa maana hapo ndipo tunapokosea. Sisi tumezoea kuifanya kahawa kuwa ya wanaume. Tazama kijiwe chochote, Morogoro mjini au Kariakoo. Dele limekaa juu ya jiko dogo la makaa, vikombe visivyo na mkono vinasuuzwa katika ndoo, kashata za karanga ziko kwenye sahani, na juu ya mabenchi ni wanaume watupu wanaobishana juu ya Simba na Yanga, bei ya nyanya na uchaguzi. Jaws Corner ya Mji Mkongwe, Zanzibar, imepata umaarufu kwa mabishano ya namna hiyo. Siilaumu baraza, wengi wamejifunza mengi pale. Lakini mtu aliyezoea hivyo akifika ugenini humwacha mkewe na watoto chumbani mbele ya televisheni, akatoka peke yake kunyoosha miguu. Jioni anarudi na habari za mji mzima, na wenziwe hawaijui hata barabara iliyo mlangoni. Hiyo si safari ya jamaa. Ni safari ya mtu mmoja iliyolipiwa nauli za watu watano.

Tena nasi Waluguru, ambao ukoo wetu hufuata mama, aibu yetu ni kubwa zaidi. Tunamhesabu mama katika ukoo, tunamtii mjomba kwa ajili yake, kisha kahawa ikimiminwa hatumpi kiti!

Hebu tutazame wenzetu wanavyofanya. Nchini Ethiopia, ambako mbuni wa Arabika una asili yake, na ambako karibu nusu ya kahawa inayovunwa hunywewa na wananchi wenyewe, mwenye madaraka ya kahawa ni mama wa nyumba. Hutandaza majani mabichi sakafuni na kufukiza ubani. Huosha buni, akazikaanga juu ya makaa mbele ya wageni mpaka zinang'aa mafuta, kisha hupitisha kikaango ili kila mtu avute ule moshi kwa mkono wake na kuunusa. Ndipo huzitwanga, huzichemsha katika chombo cha udongo chenye shingo nyembamba kiitwacho jebena, na kumimina kutoka juu kwa mkono usiotetemeka. Mizunguko ni mitatu: abol, tona na baraka. Anayeaga baada ya kikombe cha kwanza ameondoka kabla ya baraka. Na mara nyingi mtoto mdogo wa nyumba ndiye anayetumwa kupeleka kikombe cha kwanza kwa mkubwa kuliko wote, huku wenzake wakila bisi. Mtoto wa Mlali akiketi pale kwa saa moja na nusu atajifunza heshima ambayo sisi wazazi tumeihubiri kwa kelele miaka mingi bila kufaulu.

Muscat nako kuna adabu zake. Kahawa ya Omani huungwa iliki, na hutanguliwa au kufuatana na tende na haluwa. Anayemimina hushika dele kwa mkono wa kushoto na kutoa kikombe kwa mkono wa kulia. Nawe upokee kwa mkono wa kulia. Usishangae kuona amekutilia kidogo tu. Kidogo ndiyo heshima, kwa maana kikombe kilichojaa hadi ukingoni humwambia mgeni anywe aende zake. Ukitosheka, kitikise kikombe kidogo unapokirudisha, la sivyo utaongezewa tena na tena. Yawezekana akina mama wakaribishwe chumba chao. Wasiogope, kwani huko nako lipo dele na zipo tende. Na wenyeji wengi wenye nasaba ya Unguja husema Kiswahili, basi ulizeni msilolijua. Ila mwezi wa Ramadhani msinywe wala kula hadharani mchana. Mila hizi si jambo dogo: mwaka 2015 UNESCO iliiingiza kahawa ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa utamaduni, kwa ombi la Oman, Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu.

Italia ni kinyume chake. Huko watu huingia asubuhi, hunywa kikombe kidogo cha kahawa nzito wamesimama kaunta, hulipa na kwenda kazini. Ukiketi mezani, mara nyingi bei hupanda. Kahawa yenye povu la maziwa kwao ni ya asubuhi, na mgeni anayeiagiza baada ya mlo wa usiku hutambulikana mara moja. Simameni nao kaunta basi, watoto mkiwapa chokoleti ya moto, mkatazame mji unavyoamka. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Najua atainuka mtu na kusema kwamba kahawa si kinywaji cha watoto. Ni kweli, wala sikusema mtoto apewe kahawa kali. Apewe bisi, tende au maziwa, na mama mjamzito naye apunguze vikombe vyake. Kinachompeleka mtoto pale ni kujua kungoja mkubwa aanze, kupokea kwa mkono wa kulia na kusema asante kwa lugha ya wenyeji. Ataniambia mwingine kwamba fedha haitoshi. Ndugu yangu, fedha yako imekwisha katika maduka makubwa, ukinunua viatu vile vile vinavyouzwa Kariakoo! Kikombe cha kahawa mtaani ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu katika nchi nyingi, mradi usikinywe uwanja wa ndege. Kinachotakiwa zaidi ni muda, na muda wa kukaa na watoto hakuna anayekuuzia.

Sasa nigeukie nyumbani, kwa maana mgeni huulizwa habari za kwao. Taja Tanzania mbele ya wanywaji wa kahawa wa ng'ambo, na mara nyingi utaulizwa juu ya kahawa yenu. Nchini Japani, Arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama ilivunwa Mbinga au Mbeya. Je, mwanao atajibu nini? Magari ya Mgeta, kule juu milimani, hupita hapa Mlali yakipanda na kushuka, naye amezoea kuona kabeji, njegere na viazi vikiteremshwa. Lakini huko huko juu ipo mibuni, na watoto wengi wa hapa hawajawahi kuushika mmoja.

Hawajasimuliwa pia kwamba Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kufungua misheni ya Morogoro mwaka 1882, ni miongoni mwa walioieneza miche ya kahawa katika Afrika ya Mashariki. Wala hawajui kwamba Wahaya wa Kagera walikuwa na kahawa yao kabla ya wageni hao. Waliichemsha pamoja na majani ya kunukia, wakaikausha, wakampa mgeni atafune. Na wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waliufunga udugu wao kwa punje za kahawa. Nchi yenye historia hiyo leo hupeleka nje sehemu kubwa sana ya kahawa yake, na wenyewe tunakunywa chai.

Kwa hiyo, kabla ya safari, wapandisheni watoto Mgeta msimu wa mavuno. Wachume matunda mekundu, waone yanavyomenywa, kuloweshwa, kuoshwa na kuanikwa juu ya vichanja, na wajue mkulima anapata nini katika kazi hiyo. Kisha fungeni katika mizigo yenu pakiti za kahawa iliyokwisha kukaangwa na kusagwa, iwe zawadi kwa wenyeji wenu. Msibebe buni mbichi wala miche, maana hizo huhitaji vibali vya afya ya mimea, na mnaweza kunyang'anywa mpakani. Anayefika na kahawa ya kwao mkononi haketi barazani kama mtazamaji. Anaketi kama mtu mwenye la kusimulia.

Na mkirudi, msiiache adabu hiyo uwanja wa ndege. Jumapili baada ya ibada, au Ijumaa baada ya swala, nunueni buni, zikaangwe nyumbani, na kila mmoja apate kiti. Mama asiwe mpishi tu ambaye kikombe chake hupoa jikoni. Baba naye akaange kwa zamu yake, mikono haitamvunjika. Asiyeweza kuketi na jamaa yake hapa Mlali hatajua kuketi nao Addis Ababa wala Muscat. Aanze wiki hii, kabla hata ya kuomba pasipoti.