Nipe za Siku Tatu

Katika maduka ya dawa ya Malukhu, upande wa viwandani wa jiji la Mbale nchini Uganda, mkasi una kazi nyingi kuliko kalamu. Mgonjwa wa presha husogea dirishani, hana cheti mkononi, anasema tu: "Musawo (daktari), nipe za siku tatu." Muuzaji huchukua karatasi ya vidonge kumi, hukata vitatu, huvitia kwenye bahasha ndogo na kuandika juu yake kidonge kimoja kila asubuhi. Tarehe ya mwisho ya matumizi mara nyingi hubaki kwenye kipande kinachorudi rafuni. Siku ya nne mteja akirudi, mkasi hutoka tena. Asiporudi, hakuna anayemtafuta.

Huo nao ni ulipaji wa awamu. Ila kinachokatwa vipande hapa ni dozi yenyewe, si deni.

Inafaa kulikumbuka dirisha hilo kila inaposifiwa hatua ambayo Marekani ilianza kuitekeleza Januari 2025. Huko, wazee walio kwenye bima ya serikali ya Medicare wanaweza kuondoka na dawa bila kutoa hata senti kaunta. Kampuni ya bima humlipa mwenye duka fedha zake zote, kisha humtumia mgonjwa ankara kila mwezi, bila riba. Mzee ambaye dawa zake za Januari pekee zingemtoa dola 2,000 analipa kama dola 167 kwa mwezi hadi Desemba. Mantiki yake iko wazi: gharama zao hurundikana mwanzoni mwa mwaka, na mpango huu unazitandaza.

Kinachosahaulika ni kwamba chini ya mpango huo kuna sakafu na juu yake kuna dari. Sakafu ni kampuni ya bima, ambayo ndiyo inayobeba hasara mteja asipolipa. Dari ni sheria ya 2022 iliyoweka kikomo cha fedha ambazo mgonjwa anaweza kutoa mfukoni kwa dawa ndani ya mwaka: dola 2,000 kwa 2025, zikapanda hadi 2,100 kwa 2026. Viondoe vyote viwili, ubaki na ankara ya kila mwezi peke yake, na utakuwa umebaki na mkopo wa kawaida.

Na Malukhu haina sakafu wala dari. Waganda wenye bima ya afya ni wachache mno, na kwa miaka mingi zaidi ya theluthi moja ya fedha zote zinazotumika kwa matibabu nchini imetoka moja kwa moja mifukoni mwa watu. Ukimwambia mwenye duka la dawa akubali malipo ya mwezi mzima, unamgeuza kuwa benki, yeye ambaye mtaji wake wote uko kwenye rafu tatu nyuma ya mgongo wake.

Mtu atauliza: mbona simu na taa za sola zinakopeshwa? Ni kweli. M-KOPA, iliyoanzia Kenya na kuvuka hadi Uganda, imejijenga kwa malipo madogo ya kila siku. Lakini nguvu yake ni kwamba asiyelipa huzimiwa kifaa kutoka mbali. Bodaboda ya mkopo nayo hukamatwa barabarani. Kidonge kikishamezwa hakizimiki wala hakikamatiki. Dawa ni bidhaa isiyo na dhamana, ndiyo maana mfanyabiashara anayeuza simu kwa awamu bila wasiwasi hawezi kuuza insulini kwa njia hiyo hiyo.

Ipo hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi. Awamu hutibu ankara kubwa ya siku moja: upasuaji, ajali, mtoto aliyelazwa ghafla. Presha na sukari si ankara ya siku moja. Ni gharama ndogo isiyokwisha, ambayo tayari inadai kila mwezi. Anayekopa kwa simu leo ili anunue vidonge vya mwezi huu, mwezi ujao atahitaji vidonge vingine pamoja na fedha za kulipa mkopo wa kwanza na ada yake. Unawezaje kuutandaza mzigo ambao umeshatandazwa hadi kaburini?

Hali ni hiyo hiyo kwa selimundu. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa Uganda wamebeba kinasaba chake, na Busoga, ambako ndiko Jinja iliko, ni miongoni mwa maeneo yenye viwango vya juu. Haidroksiyurea, dawa inayopunguza mashambulizi ya maumivu, humezwa kila siku kwa miaka. Mzazi wa mtoto huyo hahitaji muda wa kulipa. Anahitaji mtu wa kulipa pamoja naye.

Uganda ilishajaribu njia fupi. Machi 2001, kampeni za urais zikiwa zimepamba moto, serikali ilifuta ada katika vituo vyake vya afya, isipokuwa wadi za kulipia hospitalini. Maskini walimiminika. Lakini watafiti waliochapisha matokeo yao 2006 walikuta kwamba familia maskini zinazofilisiwa na matibabu hazikupungua. Maelezo waliyoyaona kuwa ya karibu zaidi na ukweli ni yale ambayo mtu yeyote wa Mbale angewapa bure: dawa ziliisha vituoni, mgonjwa akaandikiwa karatasi akanunue nje. Bohari ya taifa, National Medical Stores, hupeleka shehena kila baada ya miezi miwili, na kila pakiti ina mhuri wa serikali kwamba haiuzwi. Mhuri huo haumsaidii anayefika wiki ambayo shehena imeisha na nyingine haijaja.

Hata hivyo, Jinja na Mbale zimeshaona dawa ya maisha ikitolewa bila mkasi. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI hutolewa bure, na shirika la TASO lina vituo katika miji hiyo miwili. Katika utafiti wa Jinja uliochapishwa 2009, wahudumu wasio madaktari waliwapelekea wagonjwa dawa nyumbani kwa pikipiki kila mwezi, na matokeo hayakuwa mabaya kuliko ya wale waliofuata dawa kliniki. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya fedha za dawa hizo ilitoka kwa wafadhili wa nje, na mtikisiko wa misaada ya Marekani mwanzoni mwa 2025 ulionyesha hatari ya kuwategemea. Lakini hakuna aliyependekeza kwamba mgonjwa wa UKIMWI akatiwe vidonge vya siku tatu. Kwa nini presha ihesabiwe kuwa jambo la mtu binafsi?

Hapa ndipo malipo ya kidogo kidogo yanapopata kazi yake halali: kwenye mchango, kabla mtu hajaugua. Hospitali ya Kisiizi, kusini-magharibi mwa Uganda, iliona hivyo 1996 ilipoanzisha bima yake juu ya vikundi vya engozi, majirani waliozoea kubebana kwa machela kushuka vilima hadi hospitali. Watu huandikishwa kwa kikundi, kwa sababu akiandikishwa mgonjwa peke yake mfuko hufa. Kenya nayo, baada ya mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, kuchukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, Oktoba 2024, iligundua kwamba mama mboga hawezi kutoa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Jibu la 2025 likaitwa Lipa SHA Pole Pole. Ni mkopo pia, na anayeshindwa bado anashindwa, lakini angalau unanunua kinga ya mwaka badala ya karatasi moja ya vidonge.

Kosa ambalo Mbale haipaswi kulifanya ni kudhani kila mtu huhesabu fedha kwa kalenda moja. Mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, hupata mshahara mwisho wa mwezi. Kwake makato ya kila mwezi yanaeleweka. Kibarua wa Malukhu hulipwa jioni, na kufikia asubuhi fedha ile imeshakuwa unga na mafuta ya taa. Mkulima wa kahawa wa Bududa au Sironko, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hushika fedha za maana wakati wa mavuno tu. Ankara ya Aprili kwake ni sawa na kumdai jogoo mayai.

Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa 31 Machi 2021, lakini haukupata saini ya Rais. Utakaporudi, vifungu vya viwango vya mchango vitagombewa sana, kama ilivyo desturi. Kifungu cha kutazamwa kwa makini zaidi ni kile cha lini mtu alipe: kwa siku, kupitia simu, kwa kibarua, kwa mwezi kwa mwenye mshahara, mara moja baada ya mavuno kwa mwenye kahawa. Na orodha ya kwanza ya dawa zitakazolipiwa ianze na zile zinazokatwa leo kwa mkasi.