Ncha ya Kidole cha Mtoto

Mlango wa chuo chetu hapa Ibadakuli ni wa bati, na wakati wa kiangazi upepo huubamiza. Siku moja ulimbana mwanafunzi wangu wa miaka sita, ukamkata ncha ya kidole kile kile anachofuatia mistari ya juzuu. Mama mmoja akakimbilia majivu, mwingine mafuta ya taa. Mimi, na hili lanitia haya, nilikuwa tayari kuyakubali majivu, maana ndivyo nilivyotibiwa utotoni. Aliyetuzuia ni baba wa mtoto, mchimbaji dhahabu aliyerejea kutoka Geita, ambaye ameona vidonda vingi vikioza kwa mambo hayo.

Hospitalini wakakiosha kidole, wakakifunga kitambaa safi, wakamchoma sindano ya pepopunda, hawakukishona. Mamaye akadhani amepuuzwa. Lakini baada ya majuma kadhaa nyama ilikuwa imejaa, na ukucha ukitambaa juu yake.

Jambo hili waganga walijua. Mwaka 1974 Daktari Cynthia Illingworth wa Sheffield, Uingereza, aliandika habari za watoto waliokatika ncha za vidole, wasishonwe ila kufungwa vidonda tu, na ncha zikaota tena. Sharti shina la ukucha liwe limesalia. Mwaka 2013 wataalamu wa New York wakaonyesha kwa panya sababu yake: katika shina hilo mna chembe hai changa, nazo ndizo ziitazo mishipa ya fahamu na kuamsha mfupa uote.

Wala si panya wa huko tu. Kenya wako panya wenye manyoya magumu kama miiba. Akikamatwa, ngozi humchanika, naye akakimbia. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenziwe walieleza kwamba ngozi ile hurudi pamoja na vinyweleo vyake, na tundu lililotobolewa sikioni huzibika. Sisi wanadamu twabaki na kovu, isipokuwa hapo kwenye ncha, na zaidi utotoni.

Basi mzazi asikae nyumbani akingoja kidole kiote. Mtoto apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani huenda mfupa umevunjika, na kushona au kutoshona ni yeye aamuaye.

Mwanafunzi wangu alifuata mistari kwa kijiti muda wote ule. Mlangoni nimeweka jiwe.