Hesabu ya vichwa haitoshi, wadau

Wadau, zikitangazwa takwimu za wanyamapori, sote tunauliza swali moja: wako wangapi? Mimi nasema hiyo ni nusu ya swali.

Chukua simba wa Kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wanaouma walifumuka wakawashambulia hadi wakabaki kama 10 hivi. Baadaye wakaingia madume 7 kutoka nje. Kufikia 1975 idadi ilikuwa imepanda tena. Kwa macho ya mtalii, mambo safi.

Vinasaba vikasema mengine. Mwaka 1991 Craig Packer na wenzake walichapisha utafiti: simba wote wa kreta walitokana na wazazi 15 tu, na tangu 1969 hakuna mgeni aliyezaa humo. Ndugu kwa ndugu! Vinasaba vyao vilitofautiana kidogo kuliko vya simba wa Serengeti, na madume walikuwa na mbegu nyingi zenye kasoro.

Kuta za kreta simba anazipanda. Shida ni madume wenyeji wanaofukuza wageni, pamoja na njia ndefu inayopita kwenye maboma na mifugo, ambako mkuki unamsubiri.

Ndiyo maana naona mapito ya wanyama yastahili bajeti kama hifadhi zenyewe, na mfugaji anayemwacha simba apite alipwe, asihubiriwe tu. Simba 100 wa ukoo mmoja ni utajiri wa kuhesabu, si wa kurithisha.

Au nakosea? Tujadili.