KODI SAWA SI MZIGO SAWA

Wako watu siku hizi wasemao kwamba kodi zetu ni nyingi na zachanganya, na kwamba dawa yake ni kuzifuta zote ibaki moja tu. Baadhi yao wataka kodi ya mapato ya kiwango kimoja, tajiri na maskini watoe asilimia ile ile. Wengine wataka mapato yasiguswe kabisa, kodi itozwe dukani mtu anaponunua kitu. Mawazo haya hayakuzaliwa kwetu. Estonia ilianza kiwango kimoja mwaka 1994, na Urusi ikafuata mwaka 2001 kwa asilimia 13, ingawa mwaka 2021 iliwapandishia wenye mapato makubwa. Huko Marekani, mswada wa kufuta kodi ya mapato na kuweka kodi ya mauzo mahali pake ulipelekwa Bungeni mwaka 1999, nao haukupita.

Yafaa sisi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega tuyapime mawazo haya kwa mizani yetu wenyewe. Mkulima wa pamba hafundishwi kuitazama mizani.

Tufanye hesabu. Mkulima apata shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Mfanyabiashara mkubwa apata shilingi 120,000,000. Kila mmoja akitoa asilimia 10, mkulima atoa 120,000 na mfanyabiashara 12,000,000. Watasema, "Tazameni, tajiri katoa mara mia!" Kweli katoa. Lakini kabakiwa na 108,000,000, wala hakuna mtoto wake atakayekosa daftari. Mkulima aliyetoa 120,000 katoa mabati ya nyumba yake, au sare za shule za wanawe. Kodi haipimwi kwa kinachochukuliwa tu. Hupimwa kwa kinachobaki.

Sasa tuitazame kodi ya mauzo kwa asilimia 18. Mkulima yule anunua sabuni, mabati, betri na vitu vingine vya shilingi 500,000 kabla ya kodi. Kodi yake ni 90,000, yaani asilimia saba na nusu ya mapato yake yote. Mfanyabiashara anunua vitu vya 20,000,000, alipa 3,600,000, yaani asilimia tatu tu ya mapato yake. Fedha nyingine kaziweka akiba, wala hazikupita dukani. Hivyo aliye chini alipa fungu kubwa kuliko aliye juu, na wote wawili wameonyeshwa bei moja.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetuambia kwamba asilimia ni asilimia hajaubeba mzigo wetu.

Tena tukumbuke kwamba kodi iliyo rahisi kupita zote tumekwisha kuionja. Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1897, Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Haikuuliza mtu kavuna nini. Mwaka 1969 Serikali yetu iliondoa kodi za kichwa na kuanzisha kodi ya mauzo, lakini katika miaka ya 1980 kodi ya kichwa ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo. Wazee wetu wanakumbuka mgambo wakiingia vijijini alfajiri, na wanaume wazima wakikimbilia porini. Ilifutwa mwaka 2003, wala hakuna aliyeililia.

Kodi ya mapato ya kiwango kimoja, ikiletwa kijijini, itageuka kuwa hiyo hiyo. Mkulima hana karatasi ya mshahara. Nani atahesabu mapato yake? Mtoza kodi atakisia, na makisio ya mtoza kodi hayajapata kumpendelea mnyonge. Tazameni ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini hutozwa juu ya thamani ya pamba yote, bila kutoa gharama ya mbegu, dawa na palizi. Sheria humtaja mnunuzi kuwa ndiye mlipaji. Mnunuzi naye ajua kuutia katika bei.

Hatusemi kodi ya mauzo haina faida. Haivamii nyumba ya mtu usiku, na humfikia hata tajiri afichaye mapato yake. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009, nayo yajenga barabara na zahanati. Lakini hapana budi ijue mipaka yake.

Basi msimamo wetu ni huu. Kwanza, ngazi za kodi ya mapato zibaki. Kwa viwango vya mwaka 2020 na 2021, mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi, na fedha inayozidi 1,000,000 hukatwa asilimia 30. Hiyo ndiyo haki: mwenye nguvu abebe zaidi. Pili, kodi ya mauzo ibaki, lakini chakula kisichosindikwa na mbolea visitozwe, na mtu asije kuufuta msamaha huo kwa kisingizio cha kurahisisha mambo. Tatu, ushuru wa pamba usomwe hadharani katika mkutano wa kijiji: umeingia kiasi gani, umefanya nini.

Ndugu wanachama, kazi iliyobaki ni yenu. Dai risiti kila ununuapo, maana kodi uliyolipa bila risiti yaweza kuishia mfukoni mwa mwenye duka. Nenda kwenye mkutano wa kijiji, uulize. Na ajapo mtu kukuambia kwamba kodi moja kwa wote ndiyo usawa, mwombe kalamu na karatasi, mfanye hesabu pamoja hadi mwisho.